Saa Ambazo Gurudumu Halizunguki

Kwenye karatasi, njia ya Congo Nile, nchini Rwanda, ina kilomita 227. Inaanzia Rubavu, mji ambao wengi bado wanauita Gisenyi, inashuka kusini ikifuata ufuko wa mashariki wa Ziwa Kivu, inapita Rutsiro, Karongi na Nyamasheke, na kuishia Rusizi, ng'ambo ya Bukavu. Walioibuni waliigawa kwa siku: 10 kwa anayetembea kwa miguu, 5 kwa mwenye baiskeli. Gawanya 227 kwa 5, unapata kilomita 45 na kidogo. Mtu aliyezoea kwenda na baiskeli ya gia kutoka Moshi hadi Himo na kurudi kabla ya chai ya saa nne ataitazama namba hiyo aone ni kazi ya asubuhi.

Namba hiyo haina kosa. Lakini kilomita hupima gurudumu likiwa linazunguka, na safari ya kundi kwenye njia ya milimani, saa zake nyingi hupita gurudumu likiwa limesimama. Tyubu imetoboka, mtu ameishiwa maji, njia imegawanyika na wa mbele hajui wa nyuma atashika ipi, daraja halipo. Saa hizo huwa hazina safu kwenye jedwali. Nimekuja kuamini kwamba hapo ndipo inapokwama mipango yetu mingine pia, ya maji, ya madarasa, ya masoko: tunaandika mwendo, tunautengea fedha, halafu kusimama kunatukuta mikono mitupu.

Kundi letu lilikuwa la watu wa Arusha, Moshi, Nakuru na Kigali, pamoja na kijana mmoja wa Bukavu aliyekuwa anairudia njia ya kwao kutokea upande wa pili wa ziwa. Kulikuwa na wenye misuli ya mashindano, kulikuwa na wafanyakazi wa ofisini wanaoendesha Jumapili, na kulikuwa na mwalimu wa sekondari kutoka Nakuru, mwanamke wa makamo ambaye sote tulimwita Mwalimu. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, na huku magharibi, ambako biashara ya Goma na Bukavu imepita kwa vizazi, hukuti senta isiyo na mtu wa kukujibu kwa Kiswahili, ingawa kitakuwa Kiswahili chenye ladha ya Kongo.

Mratibu wetu ni mtu wa miradi. Kazi yake ya kila siku ni kusimamia maji vijijini, kwa hiyo jedwali lake lilikuwa safi kuliko mengi niliyowahi kuyaona: saa ya kuondoka, kilomita, mwinuko, chakula cha mchana, saa ya kufika, malazi. Tarehe zilichaguliwa kwa kuoanisha likizo za watu, ambayo ndiyo namna pekee ya kuwapata watu wazima wenye ajira mahali pamoja. Likizo zilikutana Machi. Machi ni mwanzo wa masika. Kila mmoja alilijua hilo na kila mmoja alilikubali, kwa sababu mbadala wake ulikuwa kutokwenda kabisa.

Jambo la kwanza kugongana na jedwali lilikuwa saa yenyewe. Rwanda iko saa moja nyuma ya Tanzania, Kenya na Uganda. Simu zilijirekebisha zilipovuka mpaka, saa za mkononi zikabaki na muda wa nyumbani. Kwa hiyo asubuhi ya kuondoka baadhi ya watu walikuwa wamesimama barazani gizani, kofia kichwani, wakati wenzao wamelala fofofo. Lilikuwa jambo dogo, likaisha kwa chai. Lakini jua la ukanda huu halibembelezi mtu: linachomoza saa 12 na kuzama saa 12 na dakika chache, na usiku kwenye njia ya mteremko isiyo na taa si mahali pa kundi. Ukipoteza saa moja asubuhi hakuna mahali pa kuikopa jioni.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana ndiyo kiini. Chukua kundi la watu 16. Sema kila mmoja atasimama mara mbili kwa siku kwa sababu yake mwenyewe: pancha, cheni, koti la mvua, haja, picha, kamba ya mzigo iliyolegea. Kila mara dakika 7, ambazo ni chache kwa mtu anayefungua tairi lenye matope. Kundi likisema litasubiriana daima, na kila mtu akasimama kwa wakati wake, zinakuwa dakika 224, karibu saa nne, katika siku yenye mwanga wa saa 12. Ongeza chakula, ongeza kupumua kileleni mwa kila kilima. Wala hakuna aliyezembea. Kila mmoja amechukua chini ya robo saa kwa ajili yake, kiasi ambacho huwezi kumlaumu mtu nacho. Siku imeliwa na fadhila ya kusubiriana.

Na kutosubiriana kuna bei yake. Wa mbele wanapotea, wa nyuma wanabaki na pancha bila pampu, kwa sababu pampu nzuri iko kwenye mkoba wa aliyetangulia. Vikundi vyenye uzoefu vimetafuta njia ya kati. Mmoja huwekwa mkiani na haruhusiwi kumpita mtu yeyote. Vifaa vya matengenezo hubebwa naye. Wengine huenda kwa kasi yao, lakini kwenye kila njia panda aliyefika humngoja anayemfuata mpaka amwone kwa macho, kisha ndipo aondoke. Hakuna anayesubiri kundi zima, na hakuna anayepotea. Tulianza safari bila utaratibu huo. Siku ya pili tulikuwa nao, baada ya wawili kushuka hadi ziwani kwa njia ya wavuvi na kulazimika kusukuma baiskeli kurudi juu.

Kuna jambo moja ambalo utaratibu huo hautatui, na lilinigusa kuliko yote. Anayekwenda polepole hapumziki kamwe. Wenye nguvu wanafika kileleni, wanaketi, wanakula ndizi, wananyoosha miguu, mapigo ya moyo yanashuka. Baada ya dakika 20 Mwalimu anatokea kwenye kona, uso umejaa jasho, na watu wanasimama kwa furaha ya kweli: "Karibu Mwalimu! Haya, twendeni." Aliyechoka zaidi amepata dakika 2, aliyechoka kidogo amepata 20. Hakuna nia mbaya hapo, wanampenda. Ndivyo tu utaratibu wa kusubiri unavyofanya kazi usipouangalia. Jioni ya kwanza Mwalimu alilisema waziwazi, kwa sauti ileile ambayo bila shaka huitumia darasani: mapumziko yahesabiwe kuanzia anapofika wa mwisho. Tangu siku hiyo mtu wa mkiani alikuwa akifika, anatazama saa, na dakika 10 zinaanza hapo. Wenye nguvu walipoa, wengine walivaa makoti, lakini mwendo wa jumla wa siku haukupungua, kwa sababu Mwalimu aliacha kusukuma kwa miguu vilima alivyokuwa na uwezo wa kuvipanda.

Mratibu alikaa kimya akisikiliza, kisha akasema kwamba hayo anayaona kazini. Kijiji kilicho karibu na barabara hukutana upesi, huchanga upesi, husaini upesi, na hupata kisima robo ya kwanza ya mwaka. Kijiji cha mbali kinahitaji mikutano mingi zaidi, na kinapokuwa tayari, muda wa mradi umebaki mwezi mmoja. Kinachimbiwa haraka haraka, kamati yake inafundishwa kwa nusu siku, na ripoti inafungwa. Wa mwisho kufika ndiye anayeambiwa twende.

Tulikuwa Kinunu usiku huo, kwenye kituo cha kuoshea kahawa kando ya ziwa. Machi ndipo mavuno yanapoanza upande huu, na harufu ya maganda ya kahawa mbivu ilikuwa nzito. Tulikula sambaza wa kukaanga, samaki wadogo wa Kivu ambao mtu wa Kigoma atawatambua mara moja, kwa kuwa ni ndugu wa dagaa wake. Samaki huyu naye ni mradi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 vifaranga vya aina mbili za dagaa wa Tanganyika vilisafirishwa na kumwagwa Kivu, ziwa lililokuwa na samaki wachache wa maji ya katikati. Aina moja haikushika. Nyingine ilishika, lakini uvuvi wake ulipata nguvu baadaye sana, miaka ya 1970 na 1980. Leo wavuvi wa usiku, kwenye mitumbwi iliyofungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu, wanaimba wakitoka kwenda kuwafuata. Mradi wa leo wenye ripoti ya miaka mitatu ungeandika kwamba umeshindwa, na ungefungwa kabla ya samaki wa kwanza kufika sokoni.

Usiku mvua ilinyesha. Asubuhi tukajua maana ya udongo mwekundu.

Nieleze kwa karibu, kwa kuwa jambo hili ndilo linalotenganisha ramani na ardhi. Udongo wa milima hii ukiwa mkavu ni njia nzuri, ngumu, tairi linaimba juu yake. Ukilowa, unashika. Tairi linaokota tabaka la kwanza, tabaka la kwanza linaokota nyasi, nyasi zinashika tabaka la pili, na ndani ya mita 50 nafasi kati ya tairi na fremu imejaa kitu kigumu kama matofali mabichi. Gurudumu linakataa kuzunguka hata ukilisukuma. Unavunja kijiti cha mkaratusi, unachokonoa juu, unachokonoa chini, unachokonoa penye gia, unasogea mita 50 nyingine. Mwenye breki za diski anasikia mchanga ukisaga, na kwenye mteremko mrefu wa matope pedi laini zinaweza kwisha kwa siku moja. Ukibeba baiskeli begani, ile ya kilo 13 ina kilo 20, kwa sababu umebeba na shamba. Kipande hicho jedwali lilikipa saa moja. Kilitula asubuhi yote.

Chini ya kipande hicho kulikuwa na kijito, na juu ya kijito palipaswa kuwa na daraja la magogo. Gogo moja lilikuwepo. Mengine yalikuwa yamelala chini upande wa ziwa. Mzee mmoja alikuwa ng'ambo, jembe begani, anatutazama bila haraka. Tulimwamkia shikamoo kwa mazoea ya kwetu, naye akaitikia kwa tabasamu na Kiswahili cha Kongo. "Hapa njia ilishakufa," alisema. "Mupande juu, mutashukia kule kwenye kahawa." Alituonyesha kwa jembe lake uchochoro uliopenya migombani, ambao hakuna ramani ya simu iliyokuwa nao.

Vijana wa pale walitokea mmoja mmoja, kama vijana wanavyotokea popote penye jambo. Mnyarwanda wetu akazungumza nao, bei ikapatana, na kijana mmoja akaitwika baiskeli kichwani, magurudumu yakielea pande zote mbili, akapanda ule uchochoro kwa kasi ambayo hakuna mwanamashindano wetu angeifikia hata mikono mitupu. Fedha za kuwalipa zilitoka kwenye mfuko wa chakula cha mchana, kwa kuwa hakukuwa na mfuko mwingine. Mratibu aliandika kwenye daftari lake: wabebaji. Nilipenda kuona neno hilo likiandikwa. Fedha ile ilikuwa halali kabisa, pengine matumizi ya haki kuliko yote ya safari, lakini kwenye mpango haikuwa na jina, na kitu kisicho na jina kwenye mpango hulipwa kwa aibu na kwa kupunjana.

Mzee yule hakulalamikia daraja. Milima hii inateremka yenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua zaidi ya watu 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda, na Rubavu, Rutsiro na Karongi zilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia sana. Mtu anayelima kwenye mteremko wa namna hiyo anajua kwamba njia haijengwi ikaisha. Kila masika inabomoka kidogo, na kila kiangazi kuna mtu lazima airudishe. Swali ni kama mtu huyo yuko kwenye bajeti.

Alasiri tulifika senta moja juu ya kilima tukiwa na tyubu nne zilizotoboka. Mawe ya mteremko yalikuwa yamezibana kati ya tairi na rimu, na kila moja ilikuwa na matundu mawili sambamba. Viraka vyetu vilikuwepo, gundi yetu ilikuwa imekauka ndani ya mrija. Fundi baiskeli alikuwa chini ya upenu wa duka, mwenye beseni la maji, msasa, mkasi, kopo la solusheni na vipande vya tyubu kuukuu, vifaa vilevile utakavyovikuta Tabora au Kisii. Alizamisha tyubu, akafuata mapovu, akakwangua, akapaka, akapuliza, akabandika. Kila kiraka kilimchukua muda mfupi kuliko sisi tuliokuwa tunatafuta kiberiti cha kuangazia ndani ya mkoba.

Tyubu ya nne haikufaa tena. Tundu lilikuwa penye shingo ya vali, mahali ambapo kiraka hakishiki. Alikuwa na tyubu mpya za baiskeli kubwa za mzigo, na kwa upana na mzunguko ingetosha. Lakini shingo ya vali yake ni nene, na tundu la rimu ya baiskeli yetu limetobolewa kwa vali nyembamba. Haikupita. Aliigeuza rimu mikononi, akaichungulia, akauliza kupitia Mnyarwanda wetu: kwa nini mtu alete nchini baiskeli ambayo tundu lake linakataa tyubu za nchi hiyo? Hakuwa anatania. Alikuwa anauliza swali la kitaalamu, na hatukuwa na jibu zaidi ya kwamba ndivyo ilivyouzwa. Kisha akachukua tupa ya duara. Mwenye baiskeli alisita, kwa kuwa ile rimu ilikuwa ghali. Mwishowe akatikisa kichwa kukubali, na fundi akapanua tundu polepole, akijaribu vali kila baada ya mikwaruzo michache, akamaliza kwa kulainisha kingo kwa msasa ili zisikate mpira. Rimu ilikuwa ya aluminiamu. Ingekuwa ya kaboni asingethubutu, naye alijua. Gurudumu lile lilifika Rusizi bila kuguswa tena.

Swali la fundi yule lilimfanya Mratibu azungumze njia nzima ya jioni kuhusu pampu za maji. Pampu ya mkono ya Afridev ilikomazwa miaka ya 1980 kwa majaribio yaliyofanyika Malawi na Kwale, pwani ya Kenya. Kabla yake, pampu nyingi za visima virefu zikiharibika zilihitaji gari na kikosi cha mafundi kuja kung'oa mabomba yote kutoka ardhini, na kijiji kingeweza kungoja miezi. Waliobuni Afridev walianzia kwenye siku ambayo pampu itasimama. Spana moja inafungua karibu kila kitu. Pistoni na vali ya chini zinavutwa juu kupitia ndani ya bomba, bomba lenyewe halitolewi. Vipande vinavyolika upesi ni vidogo na vya bei nafuu, na kamati ya kijiji, akina mama wenye mafunzo ya kawaida, inaweza kuvibadilisha yenyewe. Bado kuna Afridev zilizokufa, alisema, kwa sababu kipira kilichotengenezwa ili kibadilishwe kijijini hakiuzwi dukani popote karibu. Lakini wazo lenyewe ni la kuheshimiwa: mtu aliketi mezani, chombo kikiwa bado kipya, akafikiria asubuhi ambayo kitaharibika na nani atakuwa amesimama mbele yake.

Karongi, mji ambao wengi waliujua kwa jina la Kibuye, jedwali liliuandika kama mahali pa kulala. Kanisa la mawe liko juu ya rasi, ziwa liko pande zake, na ndani na kando yake maelfu ya watu waliokimbilia hifadhi waliuawa Aprili 1994. Mwenzetu wa Kigali aliomba tupite. Hakueleza zaidi na hatukumuuliza. Tulikaa pale bila mtu kutazama saa, na asubuhi iliyofuata tuliondoka tumechelewa. Kuna mahali ambapo mwenye kupanga safari ya nchi hii anapaswa kuacha ukurasa mweupe, na kutoujaza chochote.

Baada ya Karongi, njia ilibadilika chini ya magurudumu. Sehemu kubwa ya upande wa kusini sasa ni lami. Njia ya Congo Nile ilipobuniwa, ilikuwa njia ya vumbi ya wapanda milima na wapanda baiskeli. Miaka michache baadaye, barabara ya lami inayounganisha Rusizi, Karongi na Rubavu ikajengwa kwenye ukanda huohuo, na kusini ikaifunika njia ya zamani mahali pengi. Miradi miwili, ardhi moja. Vijitabu vya watalii viliendelea na namba ileile ya 227. Baadhi yetu walinung'unika, wametoka mbali kutafuta vumbi wakapewa lami laini na malori.

Mimi nasimama na lami. Tulipita karibu na Mugonero na Kibogora, kwenye hospitali zinazohudumia milima yote ya pande zile, na mtu aliyetoka kuchokonoa matope kwa kijiti siku mbili nyuma hana haki ya kutamani mjamzito apitishwe mle. Abanyonzi, vijana wa baiskeli za abiria, walitupita kwenye miteremko wakiwa na magunia ya mihogo na mtu juu yake. Hao ndio wapanda baiskeli wa ukanda huu, na barabara ni yao kabla ya kuwa yetu. Kinachonisikitisha ni kitu kingine. Njia ya vumbi ingeweza kuhamishwa, ikapandishwa juu kwenye vijia vya mashambani au kushushwa ufukweni, na vijiji vilivyokuwa vimeanza kuuza chai na malazi visibaki kando. Kazi hiyo haihitaji tingatinga. Inahitaji mtu wa kuitembea kila mwaka, kuzungumza na wenye mashamba, kusogeza kibao. Fedha za mtu kama huyo ni ndogo mno, na labda ndiyo sababu ni vigumu kuziombea: hakuna utepe wa kukata.

Rwanda yenyewe ina mfano wa mtu aliyebaki. Mwaka 2005 Tom Ritchey, Mmarekani aliyekuwa miongoni mwa waliounda baiskeli za milimani za mwanzo huko California, alikuja kutembea. Akaona wakulima wakisukuma kahawa kwenye baiskeli za mbao, binamu wa chukudu za Goma, akaanzisha mradi wa baiskeli ndefu za chuma za kubebea kahawa. Ulikuwa mpango wa mizigo. Mwaka 2006 kukaandaliwa mashindano kusherehekea baiskeli hizo za mbao, na vijana waliokuja kushindana walionyesha kitu ambacho hakikuwa kwenye mpango. Mwaka 2007 Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, akaja kuwafundisha vijana hao, akakaa miaka mingi. Adrien Niyonshuti, mmoja wa timu ile ya kwanza, akashiriki mbio za baiskeli za milimani kwenye Olimpiki ya London 2012 na kumaliza wa 39. Septemba 2025 Kigali ikapokea ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani, wa kwanza kufanyika Afrika. Katikati ya tarehe hizo kuna asubuhi nyingi sana za kurekebisha baiskeli kwenye kambi ya timu, Musanze, na hizo ndizo zilizoyafanya mengine yawezekane.

Tulifika Kamembe, mjini Rusizi, siku moja baada ya jedwali. Kijana wa Bukavu aliwaona ndugu zake kwenye simu kutoka ng'ambo ya mto na kupiga kelele za furaha. Jioni hiyohiyo, kabla watu hawajatawanyika kwenye mabasi, Mratibu alifungua daftari na tukaanza kuandika safari ijayo. Itakuwa Juni, kiangazi, hata kama wawili watakosa likizo. Siku sita badala ya tano. Mfuko wa wabebaji na mafundi, umeandikwa kwa jina lake. Rimu zote zitobolewe kwa vali nene kabla ya kuondoka nyumbani. Kila mtu aje na kile kichuma kidogo kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma, cha baiskeli yake hasa, maana kikivunjika hakuna fundi wa kukibuni. Na kila siku iwe na saa tatu zisizo na kazi, zisizogusika.

Jambo moja tulishindwa kukubaliana. Wenye nguvu wanataka kundi ligawanywe mara mbili, la kasi na la taratibu, kila moja na mtu wake wa mkiani. Hesabu iko upande wao: watu 8 wanasubiriana nusu ya muda wa watu 16. Mwalimu anapinga. Anasema kundi la taratibu litapewa pampu mbovu na chumba kilichobaki, kama ilivyo kila mahali, na kwamba waliojifunza kungoja wiki hii watasahau ifikapo Juni. Mratibu amependekeza vifaa na malazi vigawiwe kuanzia kundi la nyuma. Mwalimu amesema atalifikiria, na kwamba kabla ya kujibu anataka kuona majina ya watakaokuwa kwenye kundi la pili.